Rangi Inapogoma Kushika: Utatuzi wa Matatizo ya Kutia Rangi Manyoya ya Kufungia Chambo

Mvuvi anayejifungia mwenyewe chambo cha nzi bandia, yaani manyoya yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana ili yafanane na mdudu, hufika siku akaitamani rangi ambayo haimo katika pakiti yoyote ya manyoya aliyo nayo: kijani cha zeituni kilichoiva zaidi, kahawia yenye wekundu wa kutu, au manjano iliyofifia kidogo. Vitu vya kumpatia rangi hiyo mara nyingi vimo jikoni tayari. Rangi ya chakula, unga wa kinywaji cha matunda usiotiwa sukari, rangi ya kupakia mayai, maganda ya vitunguu, majani ya chai na siki nyeupe vinatosha kwa kazi kubwa, na pale visipotosha, pakiti moja ya rangi ya nguo ya matumizi yote humaliza kilichobaki. Mwongozo huu haumhusu anayeanza tangu mwanzo. Unamhusu aliyekwisha kujaribu, akatoa katika sufuria kitu tofauti na alichokikusudia, na sasa anataka kujua kimetokea nini.

Karibu kila kasoro itakayoelezwa hapa inatokana na mafuta, asidi, joto au muda. Unyoya wa ndege, singa za kulungu, manyoya ya sungura na sufu ya kondoo vyote vimejengwa kwa protini iitwayo keratini. Maji yakiwa na asidi, keratini hupata chaji chanya, na molekuli za rangi nyingi za chakula, ambazo zina chaji hasi, huvutwa na kujishikiza humo. Joto nalo huzifungua nyuzi ili rangi ipenye hadi ndani badala ya kubaki juu juu. Ndiyo maana mtu anayeongeza rangi kila anapoona matokeo hafifu huambulia maji mazito zaidi na vidole vilivyochafuka, kwa kuwa kilichopungua hakikuwa rangi. Nashauri kwa moyo wote kwamba chupa ya rangi iwe kitu cha mwisho kuguswa pindi tatizo linapojitokeza.

Anza kwa kuyasoma maji

Chota maji ya rangi kwa kijiko cheupe, kisha inua unyoya mmoja na uukamue kwa vidole viwili. Vitu hivyo viwili vikitazamwa pamoja husema mengi kuliko kimoja peke yake. Ikiwa maji yamekuwa meupe, yaani yamebaki bila rangi, na unyoya ni hafifu, basi rangi yote imekwisha kuingia na kweli ilikuwa kidogo kwa wingi wa manyoya uliyotia. Hapa, na karibu hapa tu, kuongeza rangi ndiyo dawa. Ikiwa maji bado yamekolea na unyoya ni hafifu, rangi ipo lakini haina njia ya kuingia, na sababu itafutwe katika asidi, joto, mafuta au aina ya malighafi yenyewe. Ikiwa maji yamekuwa meupe lakini unyoya una mabaka, rangi ilishika haraka kupita kiasi kabla haijasambaa.

Kuna jambo moja linaloweza kumpotosha msomaji wa maji. Rangi za nguo za matumizi yote huwa ni mchanganyiko wa aina mbili au zaidi za rangi, moja ya kushika pamba na nyingine ya kushika protini na nailoni. Unapotia manyoya, sehemu ya pamba haipati cha kushikilia, kwa hiyo maji hayo hayatakuwa meupe hata yakikaa usiku kucha. Kwa rangi za aina hiyo, uhukumu unyoya wenyewe na uyaache maji.

Kumbuka pia kwamba unyoya uliolowa huonekana umekolea kuliko utakavyokuwa ukikauka. Kamua mmoja, ukaushe kwa karatasi laini na hewa ya moto, kisha ndipo uamue. Watu wengi hutoa manyoya mapema kwa kudanganywa na weusi wa maji.

Rangi haishiki, na maji yamebaki yamekolea

Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa ni uhaba wa asidi. Siki nyeupe ya kawaida huwa na takriban asilimia 5 ya asidi ya asetiki, na vijiko vya chakula 3 au 4 kwa kila lita hutosha ikiwa maji ni laini. Mahali penye maji magumu yenye chokaa, sehemu ya asidi humezwa na madini hayo kabla haijafanya kazi, na kipimo huna budi kukiongeza. Asidi ya sitriki ya unga ina nguvu zaidi na haina harufu, na nusu kijiko cha chai kwa lita moja ni mwanzo mzuri. Unga wa kinywaji kama Kool-Aid usiotiwa sukari una asidi ya sitriki ndani yake tayari, kwa hiyo aliyezoea kuutumia bila siki asishangae akihamia kwenye rangi ya chakula ya maji na kukuta haishiki: ile asidi iliyokuwa ikimfanyia kazi kimyakimya haipo tena.

Chanzo cha pili hufichika zaidi. Ngozi za shingo za jogoo na mikia ya kulungu iliyohifadhiwa nyumbani mara nyingi hupakwa boraksi upande wa nyama ili isioze wala isiliwe na wadudu. Boraksi ni alkali, yaani kinyume cha asidi. Ikitumbukizwa katika maji ya rangi pamoja na ngozi, huyeyuka polepole na kuibatilisha siki uliyoipima kwa uangalifu, na dalili yake ni kwamba rangi huanza kushika vizuri kisha husimama. Sabuni isiyosuuzwa vizuri huleta balaa hilohilo. Ngozi ya namna hiyo ioshwe na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji ya vuguvugu, upande wa nyama usuguliwe kwa brashi laini, na maji ya mwisho ya kusuuzia yatiwe kijiko cha siki.

Joto nalo lipimwe, lisikisiwe. Manyoya yaliyokwisha kutengwa na ngozi hupokea rangi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 65 na 80 za Selsiasi, kwa muda wa dakika 20 hadi 40, na hufaidika zaidi yakiachwa yapoe ndani ya maji yaleyale baada ya moto kuzimwa. Maji ya vuguvugu ya mfereji yatatia rangi, lakini kwa uchovu, na rangi hiyo haitadumu. Kipimajoto cha jikoni kinatosha kabisa, na ni kifaa ambacho ningekinunua kabla ya rangi ya pili.

Ikiwa asidi ipo na joto lipo, tazama malighafi. Nyuzi za kutengenezwa viwandani hazifanani. Nailoni hupokea rangi za chakula na za asidi karibu kama unyoya, kwa kuwa muundo wake una sehemu zinazofanana na za protini. Poliesta haipokei, akriliki haipokei, na polipropilini, ambayo hupendwa kwa kuelea kwake, haipokei rangi yoyote ya jikoni. Poliesta ina rangi zake maalumu zinazohitaji maji yanayokaribia kuchemka. Pamba na rafia nazo hazishiki rangi ya chakula, hata kama mwanzoni zitaonekana zimeipokea. Kabla ya kutia fungu zima, kata kipande kidogo, kiweke katika kikombe cha maji ya moto yenye siki na matone machache ya rangi, kisha ukisuuze baada ya robo saa. Kikombe hicho kitakuokolea jioni nzima.

Rangi imeshika kwa mabaka

Dondosha tone moja la maji safi juu ya unyoya mkavu ambao haujaingia sufuriani. Likikaa juu yake limeviringika na kung'aa, kisha likateleza na kuanguka, unyoya huo una mafuta, na mahali palipo na mafuta rangi haifiki. Manyoya ya bata na ya ndege wengine wa majini ndiyo yenye mafuta mengi zaidi, na shina la mkia wa kulungu, pale singa zinapoota kwenye ngozi, hubaki na mafuta ya mnyama hata baada ya miaka. Osha kwa maji ya vuguvugu na matone ya sabuni ya kuoshea vyombo, suuza, na urudie hadi tone lienee mara moja na kunyonywa. Wengine huhofia kwamba manyoya laini ya tezi ya mafuta ya bata, yanayotumika kwa nzi wa juu ya maji, yatapoteza uwezo wa kuelea yakioshwa. Hofu hiyo imezidishwa. Kuelea kwake kunategemea sana vinyweleo vyake vidogo vinavyoshika hewa, na uoshaji wa upole hauviharibu.

Mafuta yakiwa yameondoka na mabaka yakabaki, tatizo ni namna manyoya yalivyoingia. Unyoya mkavu ukitiwa kwenye rangi ya moto yenye asidi hunywa rangi pale unapogusa kwanza, na sehemu iliyobaki hukuta rangi imepungua. Malighafi yote iloweshwe katika maji safi kwa nusu saa au zaidi kabla ya kuingia. Singa za kulungu zinahitaji subira ya pekee, kwani zina uwazi ndani uliojaa hewa na huelea juu ya maji kwa ukaidi. Upande wa chini hukolea na upande wa juu hubaki mweupe. Zifunge kwa uzi kifundo kilicholegea, kisha uzikandamize chini ya maji kwa kisahani. Sufuria iliyojazwa kupita kiasi hutoa mabaka hata kwa fundi, kwa sababu maji hayawezi kuzunguka.

Sababu ya tatu ni asidi kuingia mapema. Mwenye mabaka ya mara kwa mara abadili mpangilio: aanze na maji yenye rangi bila siki, atie manyoya yaliyolowa, apandishe joto taratibu huku akikoroga kwa upole, na ndipo aongeze siki kidogokidogo kwa vipindi vya dakika tano. Kila mara anapoongeza, ayasogeze au ayainue manyoya kwanza. Siki iliyomiminwa moja kwa moja juu ya manyoya huacha doa mahali ilipoangukia.

Manyoya yenye mabaka hurudishwa katika maji ya moto yenye siki bila rangi mpya na kuachwa humo kwa muda mrefu; rangi iliyozidi mahali pamoja itahama kwa kiasi fulani. Yakikataa, yatiwe rangi iliyokolea zaidi. Lakini kwa manyoya ya sungura au sufu itakayosokotwa kwenye uzi kuwa mwili wa nzi, sioni sababu ya kuhangaika. Changanya mafungu yote kwa vidole, na utapata mchanganyiko wa vivuli unaofanana na mdudu halisi kuliko rangi moja iliyonyooka, kwa kuwa mdudu wa majini ukimtazama kwa kioo cha kukuzia hana rangi moja mwilini mwake.

Zambarau imekuwa waridi na buluu, nyeusi imekuwa kila kitu

Tatizo hili linawakatisha tamaa watu wengi, na linastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu ukilielewa umeelewa nusu ya kazi nzima. Rangi ya chakula ya zambarau, nyeusi, kahawia au kijani cha zeituni kwa kawaida si rangi moja, bali ni mchanganyiko wa rangi chache za msingi. Soma pakiti: utakuta nyekundu E129, manjano E102 na buluu E133 au ndugu zao (namba za E ni alama za kutambulisha viungio vya chakula). Kila moja ina kasi yake ya kuingia katika keratini. Maji yakiwa ya moto na yenye asidi nyingi, nyekundu huwahi kushika, na buluu hubaki nyuma ikizurura majini. Aliyetoa manyoya wakati huo huona waridi iliyochafuka; aliyeyaacha huona waridi mahali pamoja na buluu mahali pengine.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi na linapendeza kulitazama. Dondosha tone la maji ya rangi katikati ya karatasi nyeupe ya kufutia na usiliguse. Tone linapoenea, rangi zilizomo huachana njiani: unaona duara la katikati lenye rangi moja, ukingo wa rangi nyingine, na wakati mwingine uzi mwembamba wa tatu pembeni kabisa. Chupa yako ya nyeusi imekuonyesha ilivyotengenezwa. Chupa mbili zenye jina moja la rangi zinaweza kutoa maduara tofauti kabisa, na chupa inayotoa duara moja tu ndiyo itakayokupa shida kidogo zaidi.

Tiba iko katika mpangilio. Loweka manyoya katika maji yenye rangi bila asidi kwa saa moja au mbili, ili rangi zote zipate kupenya pamoja kabla ya yoyote kushika. Pandisha joto polepole hadi lifike nyuzi 70, ndipo utie siki robo kwa robo. Usiyatoe manyoya kabla maji hayajawa meupe au karibu na hapo, kwa maana buluu iliyochelewa ndiyo inayokamilisha zambarau. Ikiwa unahitaji rangi iliyosawazika kila mara, ni afadhali kujenga mwenyewe kwa hatua: tia manyoya manjano kwanza, yakaushe uyaone, kisha uyapitishe katika buluu hafifu hadi yafike kwenye kijani unachokitaka. Kazi ni ndefu zaidi, lakini unaitawala.

Nyeusi ni jambo jingine. Sipendekezi kuitafuta kwa rangi ya chakula. Inahitaji rangi nyingi mno kwa uzito mdogo wa manyoya, na hata ikifanikiwa, kwenye mwanga wa jua huonyesha uzambarau au ukijani. Rangi ya nguo ya matumizi yote hufanya vizuri zaidi, ikitiwa siki na kuachwa kwa saa moja au zaidi. Nyeusi iliyotoka na wekundu husawazishwa kwa kupitishwa katika kijani, na iliyotoka na ukijani hupitishwa katika nyekundu. Hakuna haja ya kuanza upya.

Rangi imeshika vizuri, lakini si ile uliyoitaka

Kwanza, ukumbuke ulichoanza nacho. Rangi hizi ni angavu, hazifuniki. Zinaongezeka juu ya rangi ya asili ya unyoya. Manjano juu ya kijivu hutoa kijani cha zeituni, na wajuzi huitumia makusudi. Chungwa juu ya kahawia hutoa kutu. Manyoya ya jogoo yenye michirizi ya weupe na weusi hubaki na michirizi yake, weupe ukiwa umegeuka rangi mpya, na huo ni uzuri usiopatikana kwa njia nyingine. Rangi kali inayong'aa hupatikana juu ya nyeupe pekee.

Mtu anaweza kuwaza kuyapausha manyoya ya giza kwanza. Haidrojeni peroksaidi hufanya hivyo kwa polepole na kwa kuyadhoofisha kidogo. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isitumike kamwe: huyeyusha keratini yenyewe, na unyoya ulioachwa humo hugeuka ute. Tena, klorini ikikutana na siki hutoa gesi yenye sumu, kwa hiyo chupa hiyo haina nafasi hata mezani pa kazi hii.

Pili, angalia sufuria. Chuma kisichofunikwa huyatia giza maji ya chai, ya maganda ya vitunguu na ya kitu chochote chenye tanini, ile dutu ya mimea inayoipa chai ukakasi. Chai itakayotoa rangi ya mchanga katika chombo cha kioo hutoa kijivu cha moshi katika chungu cha chuma. Alumini nayo huliwa na asidi. Tumia chuma cha pua, enameli isiyobanduka au kioo kinachostahimili moto. Sufuria iliyotumika kwa rangi ya nguo isirudi kwenye mapishi.

Manyoya yaliyokolea kupita kiasi hurudishwa nyuma kwa maji ya moto yenye sabuni kidogo, kwa kuwa alkali huilegeza rangi iliyoshikwa na asidi. Fanya hivyo kwa dakika chache huku ukitazama, kisha suuza na umalizie kwa maji yenye siki. Yakikaa humo muda mrefu, nyuzi zenyewe huanza kuharibika.

Rangi inachuja baada ya kazi kwisha

Chambo kinachoacha wingu la rangi majini kilitolewa mapema, au kilisuuzwa vibaya. Rangi iliyokaa juu ya unyoya bila kushika itaondoka, na ni bora iondokee kwenye beseni kuliko mtoni. Suuza kwa maji ya vuguvugu mwanzoni, kisha ya baridi, hadi karatasi nyeupe iliyobanwa dhidi ya unyoya ibaki nyeupe. Karatasi ikiendelea kupata rangi baada ya kusuuza sana, yarudishe manyoya kwenye maji ya moto yenye siki kwa nusu saa na uyaache yapoe humo.

Hapa ni lazima nitaje chumvi, kwa sababu ushauri wa kuitumia umeenea. Chumvi husaidia rangi ya pamba kushika pamba, na ndiyo maana maelekezo ya pakiti za rangi za nguo huitaja. Kwa keratini katika maji yenye asidi haigandishi rangi. Kazi yake, ikiwapo, ni kuichelewesha ili isambae sawasawa, jambo ambalo linaweza kumfaa mwenye mabaka lakini halimfai mwenye rangi inayochuja. Cha kugandisha ni asidi na joto.

Rangi inapauka kwa jua

Hili ni suala la chanzo cha rangi, na mbinu hazilitatui. Bizari ya manjano hushika unyoya kwa haraka na kwa uzuri wa kushangaza, lakini mwanga wa jua huifuta, na ikikutana na alkali, hata povu la sabuni, hugeuka wekundu wa kahawia. Juisi ya kiazisukari chekundu huharibika kwa joto lilelile linalohitajika kuishikisha, na mwisho wake ni hudhurungi hafifu. Rangi ya kabichi nyekundu hubadilika kila asidi inapobadilika. Katika vya asili, maganda makavu ya vitunguu vya kahawia ndiyo ninayoyaamini: yachemshwe nusu saa, yachujwe, na manyoya yaliyoloweshwa kwanza katika maji yenye shabu kidogo yatatoka na dhahabu, chungwa au kutu kulingana na wingi wa maganda. Chai nyeusi na maganda ya jozi hutoa kahawia zinazodumu kwa sababu ya tanini na rangi nyingine zilizomo ndani yake.

Chembe na vumbi juu ya manyoya

Chembe za waridi zilizoganda mara tu siki ilipoingia ni dalili ya rangi E127, ambayo haiyeyuki katika asidi. Pakiti hiyo haitakufaa kwa njia ya siki. Tafuta nyekundu yenye E129 au E124. Chembe za rangi nyingine hutokana na rangi za unga ambazo hazikuyeyushwa kwanza katika maji ya moto, au na rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya chokoleti na mafuta, ambazo hazikusudiwi kuyeyuka majini kabisa. Rangi nzito za krimu wakati mwingine huwa na titani dioksaidi, E171, ya kuzitia weupe; hiyo hubaki kama vumbi. Chuja maji kwa kitambaa kabla ya kutia manyoya.

Manyoya yamekakamaa, yamejikunja au ngozi imekunjamana

Joto lilizidi. Unyoya uliochemshwa hupoteza uimara wa uti wake, na unapouzungusha kwenye ndoana hukatika katikati ya mzunguko wa pili au wa tatu. Hakuna tiba ya unyoya uliokwisha kuungua. Jaribu mmoja kwa kuukunja kwenye ukucha, na ukikatika, usipoteze uzi wako kwa waliobaki. Singa za kulungu zilizopashwa moto kupita kiasi hujipinda na hazifungiki sawasawa.

Ngozi ndiyo dhaifu zaidi. Ngozi mbichi iliyokaushwa tu, bila kusindikwa, huanza kusinyaa kwa ghafla maji yanapokaribia nyuzi 60, na ikisinyaa hujikunja na kuyapinda manyoya yote yaliyoota juu yake. Shingo nzima ya jogoo au mkia mzima usipite nyuzi 50 hivi. Fidia kwa muda mrefu zaidi na asidi ya kutosha. Baada ya kusuuza, tandaza ngozi juu ya ubao upande wa nyama ukiwa juu, ibane kwa pini pembeni, na uipake gliserini kidogo kabla haijakauka kabisa. Mwenye kutaka joto kubwa kwa ajili ya rangi iliyokolea ayang'oe manyoya kwanza.

Manyoya yamegandamana baada ya kukauka

Yaliyokauka yakiwa yamelala pamoja yanaonekana yameharibika, ilhali mengi yako salama. Yashike kwa koleo juu ya mvuke wa birika, umbali wa kiganja kimoja, na nyuzi zitanyooka zenyewe ndani ya sekunde chache. Manyoya laini ya marabu huamka yakitiwa katika mfuko wa karatasi uliotobolewa matundu madogo na kupulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini, huku mfuko ukitikiswa. Manyoya ya sungura yachanwe kwa brashi laini yakiwa bado na unyevu kidogo. Usiyafungie kwenye mfuko wa plastiki hadi uti wa kila unyoya uwe mkavu kabisa, kwani unyevu uliobaki shinani huleta ukungu, na ukungu huacha madoa ambayo hakuna rangi itakayoyafunika.